Kutibu hofu ya ghafla: mazoezi, dawa na pale tiba inapoharibikia

Moyo unadunda, pumzi inabana, vidole vinakufa ganzi, mtu anahisi anakata roho. Kwa kawaida hali hiyo hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka. Ikijirudia bila sababu, na mtu akaanza kukwepa daladala au soko asije akakutwa nayo huko, huo ni ugonjwa, na unatibika.

Kwanza vipimo. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, sukari kushuka na hitilafu ya mapigo ya moyo huleta dalili zilezile. Maumivu ya kifua yakikupata mara ya kwanza, nenda hospitali, usijiambie ni wasiwasi tu. Mtajie daktari kila unachotumia: kahawa, mirungi, vinywaji vya kuongeza nguvu, pombe.

Tiba yenye nguvu zaidi isiyo ya dawa ni kuikabili hofu kwa ngazi, ukiongozwa na mwanasaikolojia au muuguzi wa afya ya akili. Andika hali unazozikwepa, uzipe alama 0 hadi 10 kulingana na ukubwa wa hofu. Kwa anayeogopa daladala: kusimama kituoni (3), kupanda kituo kimoja gari likiwa tupu (5), kukaa kiti cha katikati safari nzima (7), kusimama limejaa jioni (9). Anza na 3 au 4. Baki hapo mpaka hofu ishuke walau nusu, hata ikichukua dakika 40, na urudie karibu kila siku kabla ya kupanda ngazi.

Wengi huharibu hapa: wanashuka hofu ikiwa juu kabisa. Mwili unajifunza kwamba kilichowaokoa ni kushuka, na safari ijayo inakuwa ngumu zaidi. Kushika chupa ya maji muda wote, kukaa mlangoni au kusindikizwa na dada kila siku hufanya kazi ileile, ila kwa kificho.

Kuhusu dawa, zinazotangulia ni setralini au fluoksetini, ambazo daktari huandika pia kwa sonona. Setralini huanzwa na miligramu 25 kwa siku, wiki moja baadaye 50. Dozi huanza ndogo kwa sababu siku za mwanzo dawa yenyewe inaweza kuongeza mchecheto, kichefuchefu na kukosa usingizi. Nafuu huja wiki ya 2 hadi ya 6, kwa hiyo anayeacha siku ya tano amepata maudhi bila faida. Mawazo ya kujiua yakijitokeza, hasa kwa vijana, rudi hospitali siku hiyohiyo. Usichanganye dawa hizi na tramado (dawa ya maumivu) bila daktari kujua.

Diazepamu hutuliza upesi, ndiyo maana inapendwa, lakini si tiba ya kila siku: ndani ya wiki chache mwili huizoea, na ikichanganywa na pombe inaweza kuzuia pumzi. Propranolo hupunguza mtetemeko na mapigo tu. Mwenye pumu asiiguse.

Ukipata nafuu, endelea na dozi ileile ya setralini au fluoksetini kwa miezi 6 hadi 12. Kisha daktari ataishusha kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Ukikatisha ghafla, kizunguzungu na kama vishtuko vya umeme kichwani vinaweza kukujia siku chache tu baadaye, na ni rahisi kudhani ugonjwa umerudi.