Ubingwa wa upasuaji Marekani: yashughulikie kwanza yasiyorudi nyuma

Daktari aliyesomea nje ya Marekani akiwaza ubingwa wa upasuaji huko, swali lake la kwanza huwa ni alama: nipate ngapi? Mimi ningeanza na kalenda. Baadhi ya nafasi hupita mapema, na zikishapita alama nzuri hazizirudishi.

Ya kwanza hupita siku ya mahafali. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaweza kupokewa katika hospitali ya kufundishia kama mwanafunzi mgeni, akazungumza na wagonjwa, akawahi raundi ya alfajiri, akanawa na kuingia kwenye upasuaji. Aliyekwisha kuhitimu mara nyingi huruhusiwa kusimama pembeni na kutazama tu. Tofauti hiyo hujitokeza kwenye barua za mapendekezo. Daktari wa upasuaji aliyekuona ukifuatilia wagonjwa wako hadi wanaruhusiwa ana la kuandika. Aliyekuona ukitazama ataandika kwamba una adabu na unafika kwa wakati, na barua kama hiyo haimsaidii mtu. Ukiwa bado chuoni, itafute nafasi hii mapema. Hakikisha pia kwamba chuo chako kinatambuliwa na ECFMG, taasisi inayowathibitisha madaktari waliosomea nje ya Marekani, maana bila cheti chake huwezi kuanza mafunzo.

Kuhusu mitihani, ule wa leseni ya udaktari Marekani, USMLE, una hatua (Step) tatu. Tangu Januari 2022 Step 1 hutoa matokeo ya kufaulu au kufeli tu, hivyo wanaochuja maombi hutazama zaidi alama za hatua ya pili, Step 2 CK. Ukishafaulu huruhusiwi kurudia ili upandishe alama, na kwa aliyefeli majaribio hayazidi manne kwa kila hatua. Kwa hiyo usiingie chumba cha mtihani ili mradi umalize. Ila usijicheleweshe kupita kiasi, kwani programu nyingi za mafunzo ya ubingwa hupendelea waliohitimu karibuni.

Jambo linalowaponza wengi ni aina ya nafasi. Upasuaji wa jumla una nafasi za kategorikali, zinazokubeba miaka yote mitano, na za preliminari, ambazo ni za mwaka mmoja bila ahadi ya mwaka wa pili. Kazi ni ileile na usiku wa zamu ni uleule, lakini wa preliminari hutafuta pa kwenda huku akizidiwa na kazi. Wapo walioanzia hapo wakafika, nami sisemi uikatae. Ila kabla ya kuikubali, iulize programu waliotangulia waliishia wapi. Jibu la kuzungukazunguka nalo ni jibu. Kwa upasuaji wa ubongo, ambao ni miaka saba, au wa mifupa, ushindani ni mkali zaidi, na wengi hupitia kwanza mwaka au zaidi wa utafiti katika idara wanayoilenga. Kabla ya kukubali nafasi hiyo, uliza kama inalipwa na kama utakuwa karibu na madaktari watakaokuandikia.

Viza nayo isisubiri usaili. J-1, viza ya mafunzo, hudhaminiwa na ECFMG, huhitaji barua ya wizara ya afya ya nchi yako, na kwa kawaida sharti lake ni kwamba baada ya mafunzo urudi kwenu ukae miaka miwili, isipokuwa ukipata msamaha. H-1B, viza ya kazi, haina sharti hilo, lakini hospitali ndiyo inayoiomba, nyingi hazitaki, na lazima uwe umefaulu Step 3. Iulize kila programu inapokea ipi kabla hujalipia ombi. Barua ya wizara huweza kuchukua muda mrefu, basi fahamu mapema inatolewa na ofisi ipi.

Maombi huanza kusomwa Septemba, matokeo hutoka Machi, kazi huanza Julai. Mwishoni utaandika orodha ya programu ukizipanga kwa upendeleo. Zipange kama unavyozitaka kweli, wala usikisie nani atakuchagua: mfumo wa kompyuta unaowapangia waombaji nafasi huanza na chaguo lako la kwanza, na kuiweka juu programu usiyotarajia kuipata hakukupunguzii nafasi kwa zinazofuata. Usiyoweza kwenda usiiandike kabisa, kwa sababu ukipangiwa umefungwa nayo.