Nakuru mpaka Kisumu na pesa kidogo: vile mimi hufanya

Hii barabara nimeipiga tangu nikiwa chuo, na kitu ya kwanza nilijifunza ni kwamba gari ni ile ile, kiti ni kile kile, shimo ni zile zile, kinachobadilika ni siku na saa yenye umeamua kutoka. Kuna wiki nilitoka Jumatano asubuhi nikalipa 500, jirani yangu akatoka Ijumaa jioni ya wiki hiyo hiyo akalipa 900, na akafika amekasirika juu alikalia kile kiti cha katikati hakina mgongo. Kwa hivyo kama si matanga ama mgonjwa, wachana na Ijumaa jioni, mwisho wa mwezi na siku shule zinafungwa ama kufunguliwa. Mvua ikianza kunyesha ukiwa njiani kwenda steji jua pia bei imeanza kupanda.

Desemba ni story ingine. Kabla ya Krismasi kila mtu anaenda ushago, gari zinapanda zimejaa na kurudi zinarudi tupu, so wewe unayeenda ndio unalipa na ile safari ya kurudi. Ukiweza kusafiri upande ule watu hawaendi utashangaa. Mtu anatoka Kisumu kuja Nakuru tarehe 23 anabembelezwa kabisa, na Januari wiki ya kwanza mambo inageuka.

Sasa steji. Usifike na begi kubwa mgongoni ukiuliza "Kisumu ni ngapi?" na macho ya mgeni. Taja bei yako, "Kisumu soo nne," yaani 400, halafu endelea kutembea polepole kama mtu ana shughuli zake, watakufuata wenyewe na mtakutana mahali katikati. Begi hakikisha ni ile inaingia chini ya miguu, ikienda juu ya keria utaambiwa ya mzigo ni kando. Na chunga makamagera, wale abiria bandia wanakaliwa ndani gari ionekane inajaa. Mwaka jana niliingia gari ya viti 14, nikahesabu watu kumi na mmoja ndani, nikalipa haraka nikijua tumebakisha wawili tutoke. Nusu saa haijaisha watu sita wakaanza kushuka mmoja mmoja, huyu ati anaenda kununua maji, huyu ati amepigiwa simu, hakuna aliyerudi, na makanga bado anagonga mlango akiita "wawili wa mwisho!" Niliingia saa nne, tukatoka saa nane. Siku hizi naangalia miguu za watu kabla sijakaa, kamagera hana begi, hana mtoto, hana haraka. Msafiri wa kweli utamwona na kiroba cha viazi katikati ya magoti na anauliza kila dakika tunatoka saa ngapi.

Kuna njia ingine mimi napenda, kusimama kando ya haiwei hapo Nakuru ungojee mabasi zinatoka Nairobi. Zikishukisha watu Nakuru zinabaki na viti wazi na dereva hataki kupeleka kiti tupu mpaka Kisumu, so mnaelewana. Shida ni unaeza ngoja saa nzima, na usiku sikushauri hata kidogo.

Kukatakata safari, Nakuru-Kericho halafu Kericho-Kisumu, piga hesabu kwanza, mara nyingi ukijumlisha unapata umelipa zaidi. Lakini hata ukipanda ya moja kwa moja unaeza uzwa Kericho, yaani gari imebaki na watu wanne, kondakta anawahamisha kwa gari ingine na yeye anageuza. Hapo usishuke mpaka uone kwa macho yako pesa imetoka mkono wa huyu ikaingia mkono wa yule, na useme kwa sauti wote wasikie "mimi nimelipa mpaka Kisumu." Ukinyamaza utalipa mara mbili.

Pesa toa mara moja kabla ya kutoka nyumbani. Makato ya M-Pesa ya kutoa 500 na ya kutoa 2000 ni yale yale, so ukitoa kidogo kidogo njiani unajiibia. Chakula beba, chapati mbili na mayai boilo inakutosha mpaka Ahero.

Kulala ndio humaliza watu. Kama uko na mtu wako Kisumu, hata binamu wa mbali, lala huko lakini usiende mikono mitupu. Gari ikisimama Mau Summit akina mathe wanakuja dirishani na viazi na karoti, nunua hapo, ni rahisi kuliko Kisumu na mwenyeji atakukumbuka. Kama hauna mtu, lodging za Kondele ni nafuu kuliko za katikati ya tao, lakini ingia rumu kwanza kabla ya kulipa, angalia kama neti ina matobo. Malaria ya kule si mchezo, pesa umeokoa yote itaishia hosi.

Samaki kule ufuo wa Dunga, uliza bei kabla haijaingia kwa mafuta, ikishaiva bei ni ya mathe. Boti pia ngojea jioni mkuwe kikundi mchange. Kit Mikayi, ile miamba mikubwa, iko kando ya barabara ya Bondo, matatu inakushukisha karibu, hauhitaji teksi ya mtu. Na ukitaka kufika kisiwa cha Rusinga panda gari mpaka Luanda Kotieno halafu ferry mpaka Mbita, hauzunguki ile njia yote ya Kendu Bay na Homa Bay, na upepo wa ziwa ni wa bure.

Kurudi, usingoje Jumapili mchana. Ukiweza Jumatatu ile gari ya kwanza ni sawa, na Jumapili asubuhi pitia soko ya Kibuye uchukue gorogoro ya omena, kaushe vizuri na ufunge mara mbili, juu ukifika Kericho na mfuko unanuka gari yote itajua ni yako. Nauli ya kurudi mimi huiweka kando M-Shwari, ile akiba ya kwa simu, siku ile natoka, kwa sababu najijua nikiona tilapia.