Kipande cha mbao chini ya pedali ya breki
Ukitoa upepo kwenye breki za gari la spoti lililokwisha kula kilomita nyingi, usikanyage pedali mpaka sakafuni. Ndani ya masta silinda (pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali), pistoni imezoea kutembea sehemu fupi tu. Kule mbele kumejaa kutu na uchafu, na mipira ya pistoni inayozuia mafuta yasivuje ikifika huko inachanika. Baadaye pedali inaanza kuzama taratibu ukiwa umesimama kwenye taa, na masta ilikuwa nzima kabisa! Weka mbao ya unene wa sentimita 4 hivi chini ya pedali. Mafuta ya breki yawe ya daraja la DOT 4, ya kopo jipya: yakiwa mapya hayachemki chini ya 230°C, lakini yakishavuta unyevu kiwango hicho huweza kushuka hadi 155°C.