Saa ya laptopu ijirekebishe yenyewe: fuata hatua hizi ukiwa Bukavu

Mwanafunzi mmoja aliniletea laptopu hapa Kadutu akisema intaneti imekufa. Kila ukurasa aliofungua ulimwonya kwamba si salama. Nikaangalia pembeni chini ya kioo: 1 Januari 2015. Cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mashine inayoamini tuko 2015 inakiona cheti cha leo hakijaanza kazi. Mega zake za intaneti zilikuwa nzima kabisa.

Hatua ya 1: ukanda wa saa

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Nchi yetu ina kanda mbili za saa: Kinshasa wako UTC+1, yaani saa moja mbele ya saa ya kimataifa (UTC); sisi wa Bukavu, pamoja na Goma na Lubumbashi, tuko UTC+2. Mtu akiweka mfumo mpya anachagua Kinshasa kwa kuwa ni mji mkuu, saa inabaki nyuma kwa saa moja, naye anaisogeza kwa mkono. Intaneti ikirudi, saa inarudishwa nyuma. Anasogeza tena. Nawaomba, ndugu zangu, msiguse saa, badilisheni ukanda. Bukavu haimo kwenye orodha, kwa hiyo chagua Lubumbashi. Kwenye Linux, andika amri hii kwenye terminal:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi`

Kwenye Windows, chukua mstari wa UTC+02:00 wenye Harare na Pretoria.

Hatua ya 2: washa usawazishaji wa saa kupitia intaneti

Kwenye Linux:

`sudo timedatectl set-ntp true`

Kwenye Windows, ingia mipangilio ya tarehe na saa, washa swichi ya kuweka saa moja kwa moja, kisha bonyeza kitufe cha kusawazisha papo hapo. Kama saa imepotea sana, kwanza weka tarehe kwa mkono: kwa kawaida Windows inakataa kurekebisha tofauti inayozidi saa 15.

Wateja huniuliza kama hii itawamalizia mega. Hapana. Kazi inafanywa na NTP, utaratibu uliobuniwa na David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, ukachapishwa 1985. Laptopu inatuma ujumbe wa baiti 48 tu, seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayotoa saa, inajibu kwa kiasi hichohicho. Mashine inaandika ujumbe umetoka lini na jibu limefika lini, inahesabu muda uliopotea njiani, inagawa kwa mbili. Ndiyo maana hata mtandao wetu wa jioni, unaojikokota, unaleta saa iliyo sawa.

Hatua ya 3: hakikisha

Kwenye Linux, andika `timedatectl` peke yake. Ukiona `System clock synchronized: yes`, imekubali.

Hatua ya 4: betri ndogo

Tarehe ikirudi nyuma kila umeme unapokatika na betri kubwa kuisha, tatizo liko ndani, kwenye betri ndogo inayoendesha saa mashine ikikosa umeme. Laptopu nyingi za zamani zina betri ya duara, CR2032 ya volti 3, imevikwa plastiki na ina nyaya mbili nyembamba. Chomoa betri kubwa kwanza, ndipo uiguse. Mimi nikipima nikakuta chini ya volti 2.5, naibadilisha bila kufikiri mara mbili. Unapoichomoa, shika kiplastiki cha mwisho wa nyaya; usivute nyaya zenyewe, zinakatika upesi.

Ukimaliza, chomoa tena betri kubwa na uiache nje usiku kucha. Asubuhi irudishe, washa mashine ukiwa umezima intaneti, uangalie saa: ikiwa sawa, betri ndogo inafanya kazi.