Jinsi ya Kuifanya Maktaba ya Umma Itumiwe na Watu Wenye Ulemavu: Mwongozo kwa Unguja na Pemba

Maktaba ya umma haijatimiza wajibu wake mpaka msomaji mwenye ulemavu aweze kuingia, kukitafuta kitabu anachokitaka, kukisoma au kukiazima, kisha akatoka, bila kubebwa na mtu na bila kuomba hisani. Kipimo hicho ni kizito, nami nakitanguliza kwa makusudi, kwa sababu vipimo vyepesi, kama vile kuwapo kwa mteremko mlangoni au rafu moja ya vitabu vya nukta nundu (maandishi ya Braille yanayosomwa kwa vidole), vimetufanya wengi wetu tuamini kwamba kazi imekwisha ilhali ndiyo kwanza inaanza. Haki yenyewe haina mjadala. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazitaja maktaba waziwazi katika kifungu chake cha 30, na Zanzibar nayo ilitunga sheria ya haki na fursa za watu wenye ulemavu mwaka huo huo wa 2006. Kinachopungua mara nyingi ni ujuzi wa kulitenda jambo lenyewe. Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya wakutubi wa maktaba kuu ya Maisara na ya Chake Chake, na pia kwa walimu na kamati zinazosimamia vyumba vya kusomea katika skuli na shehia.

Anzeni kwa kutembea pamoja na wenyewe

Kabla ya kununua kifaa chochote au kumwita fundi, waalikeni watu wenye ulemavu waje waitumie maktaba mbele yenu. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar (UWZ) na jumuiya za wasioona, za viziwi na za watu wenye ulemavu wa akili zinaweza kuwaunganisha na wasomaji wa aina mbalimbali, na ni vyema wawemo wanawake, vijana wa skuli, na wazazi wenye watoto wenye ulemavu. Mpeni kila mmoja kazi halisi: ateremke kwenye daladala, afike mlangoni, ajiandikishe uanachama, atafute kitabu fulani, aende chooni, kisha arudi kituoni. Mfanyakazi mmoja amfuate nyuma akiwa na futi ya kupimia na daftari, asimsaidie ila akiombwa, na aandike kila mahali msomaji aliposimama, alipopapasa, aliporudi nyuma au alipolazimika kuuliza.

Mtu huyo amekuja kufanya kazi ya kitaalamu, kwa hiyo alipwe nauli na posho kama anavyolipwa mtaalamu mwingine yeyote. Orodha itakayopatikana siku hiyo ndiyo iwe mpango wa maktaba, na igawanywe kati ya mambo yanayoweza kufanyika wiki hiyo bila fedha, kama kuondoa makasha yaliyoziba njia, na yale yanayopaswa kuingizwa katika bajeti ya mwaka.

Mlango, vidato na choo

Njia ya mteremko inayomfaa mtu anayejiendesha mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu hupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu wake. Hesabu hii inawashangaza mafundi wengi. Baraza yenye vidato vitatu vya sentimita 15 ina kimo cha sentimita 45, hivyo inahitaji mteremko wenye urefu wa mita 5 na sentimita 40, wala si ule ubao mfupi au saruji ya mita moja na nusu inayoonekana mbele ya majengo mengi, ambayo humrudisha mtu kinyumenyume au kumlazimisha asukumwe. Upana usipungue sentimita 90. Pawe na vishikio pande zote mbili kwa kimo cha sentimita 85 hadi 95, ukingo mdogo unaozuia gurudumu lisitoke, na sehemu tambarare ya mita moja na nusu juu na chini ili kiti kiweze kugeuka. Sakafu yake iwe ya kukwaruza, kwa sababu vigae laini wakati wa mvua za masika huwa hatari kwa mwenye mikongojo kuliko vidato vyenyewe.

Katika majengo ya zamani kuna jambo la kuangaliwa zaidi. Mlango wa mbao wenye mabawa mawili, ambao ni fahari ya usanifu wetu, kwa kawaida hufunguliwa bawa moja tu, na nafasi inayobaki haipitishi kiti cha magurudumu, kinachohitaji angalau sentimita 80 zilizo wazi. Kufungua mabawa yote mawili saa za kazi hakugharimu chochote. Kizingiti kirefu cha chini kinaweza kuvukwa kwa ubao imara unaowekwa asubuhi na kuondolewa jioni, mradi ufuate ile hesabu ya 1 kwa 12. Kwa jengo lililomo ndani ya Mji Mkongwe, ambao uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, usiguse ukuta wala kizingiti kabla ya kuzungumza na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Na iwapo huduma fulani iko ghorofani, ishusheni chini huduma hiyo. Lifti ni ghali, na umeme ukikatika humwacha mtu juu.

Ndani, njia kati ya rafu ziwe na upana wa sentimita 90 kwa uchache, na vitabu vinavyotumiwa sana vikae kati ya sentimita 40 na 120 kutoka sakafuni. Meza moja au mbili ziwe na nafasi ya magoti ya sentimita 70 chini yake. Choo kiwe cha ghorofa ya chini, mlango wake ufunguke kwa nje, na bomba la maji lifikiwe na mtu aliyekaa bila kuinama wala kusimama. Choo hicho kisigeuzwe stoo ya ndoo na mafagio, jambo ambalo hutokea haraka sana pale kinapopita kipindi bila mtu kukitumia.

Vitabu kwa asiyeona na mwenye uoni hafifu

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo maktaba inapoweza kubadilisha maisha ya mtu kwa fedha kidogo.

Anzeni na kompyuta. Programu ya NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na watu wasioona wenyewe, husoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, hutolewa bure, na inayo sauti ya Kiswahili, ingawa ni ya kimashine na huhitaji kuzoewa. Iwekeni kwenye kompyuta moja karibu na mlango, pamoja na visikizio vya kichwani, kisha mfanyakazi ajifunze kuitumia huku skrini imezimwa. Simu nyingi za Android nazo zina programu ya namna hiyo, TalkBack, na msomaji aliyefundishwa kuiwasha huondoka akiwa na maktaba mfukoni.

Lakini programu hizo husoma maandishi, hazisomi picha. Hati nyingi zilizopitishwa kwenye skana ni picha tupu za kurasa. Kuna njia rahisi ya kuhakiki: fungua hati, jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya, lisipochaguka, hati hiyo ni bubu kwa asiyeona, na inabidi ipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi, kisha mtu aisahihishe.

Vitabu vya kurekodiwa vinaweza kutengenezwa hapa hapa. Tafuteni msomaji mwenye matamshi safi, mkae katika chumba chenye mapazia au magodoro yanayomeza mwangwi, mzime pangaboi, mfunge madirisha, na mpange saa zisizokutana na adhana. Asome jina la kitabu, mwandishi na mwaka wa kuchapishwa, ataje namba ya ukurasa kila anapoufungua, na kila penye picha au jedwali aeleze kilichopo badala ya kuruka. Kila sura iwe faili peke yake, ili anayerejea somo asilazimike kusikiliza saa tatu kutafuta dakika mbili. Kabla ya kuiweka rafuni, ipeni kwa msomaji mmoja asiyeona aisikilize nyumbani na alete maoni.

Kuhusu hakimiliki, Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, unalenga kuwezesha kutengenezwa kwa nakala za namna hii kwa ajili ya wasioona na wengine wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, bila biashara na bila kuzisambaza kwa watu wengine. Kwa kuwa Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki na ofisi yake, COSOZA, muwaone maofisa wake mapema na mkubaliane kwa maandishi.

Nukta nundu zisiachwe kwa sababu sauti imekuja. Mtoto anayesikiliza tu hajifunzi tahajia, wala hawezi kufanya hesabu ndefu kwa kusikia. Wekeni mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu na karatasi nzito mahali ambapo msomaji anaweza kuitumia. Kitabu kimoja cha kawaida huwa majuzuu kadhaa ya nukta nundu, na majuzuu hayo yakilazwa moja juu ya jingine, au yakiachwa katika unyevu wa pwani, nukta hulala na kitabu hufa. Yasimamishwe wima, yasibanwe, yasikae karibu na ukuta unaovuja. Muda wa kuazima uongezwe, kwani kusoma kwa vidole huchukua muda mrefu zaidi.

Wenye uoni hafifu, wakiwemo wengi wenye ualbino, wanahitaji maandishi makubwa ya ukubwa wa pointi 18, karatasi isiyong'aa, kioo cha kukuzia, na kiti kilichogeuzia mgongo dirisha la jua kali.

Viziwi

Msidhani kwamba kiziwi hahitaji lolote kwa kuwa macho yake yanaona. Aliyezaliwa kiziwi lugha yake ya kwanza mara nyingi ni ya alama, na Kiswahili cha maandishi humjia baadaye, kwa jitihada. Kwa hiyo rafu yake iwe na vitabu vyenye picha nyingi na sentensi fupi kwa watu wazima pia, pamoja na video za Lugha ya Alama ya Tanzania. Wafanyakazi wafundishwe lugha hiyo na mwalimu aliye kiziwi, hata kama ni salamu, herufi na maneno ya kazi tu kwa kuanzia. Wakati wa hadithi za watoto mkalimani asimame penye mwanga, kando ya msomaji, asiwe na dirisha nyuma yake. Kengele ya hatari iwe na taa inayowaka na kuzimika.

Kanuni ya ukimya

Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu huwafukuza watoto wengi kuliko vidato. Mtoto mwenye usonji au ulemavu wa akili anayetoa sauti, kucheka au kutembea huku na huku hunyamazishwa mara mbili, na mara ya tatu mama yake hamleti tena. Tengeni chumba au saa maalumu katika wiki ambapo sauti inaruhusiwa, tangazeni wazi kwa wasomaji wengine, na awepo mfanyakazi yule yule kila mara ili mtoto amzoee. Wakati huo punguzeni watu na taa kali, mumwonyeshe mtoto kwa picha chache kitakachofuata: kuingia, kuchagua, kukaa, kusoma, kuondoka.

Kwa wasioweza kufika

Kwa mkaazi wa Kojani au Tumbatu, safari ya maktaba huanza kwa kuvuka bahari, na mwenye ulemavu wa viungo anayeishi huko anaweza asiuone mlango wenu kabisa. Tumeni sanduku la vitabu, rekodi na kifaa cha kusikilizia kwa mwalimu wa skuli au kwa sheha, na mtaje tarehe ya kubadilisha. Fomu ya uanachama ijazwe kwa simu au kwa kusomewa, na asitakiwe kuja na mtu wa kumwangalia wala kuleta mdhamini zaidi ya wale wanaotakiwa kwa wengine.

Mwishoni mwa kila mwaka rudieni ile ziara ya kutembea na wenyewe, mkianza na watu tofauti na wa mwaka uliopita, na matokeo yabandikwe ubaoni kwa maandishi makubwa, yarekodiwe kwa sauti, na nakala ipelekwe Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, ikionyesha yaliyofanyika, yasiyofanyika, na jina la cheo cha anayewajibika kwa kila lililobaki.