Udongo wa kichanga, tuta la mawe na deilili: kurutubisha bustani ya maua Mwanza

Deilili, ua ambalo Waingereza huliita daylily, haina makuu. Inavumilia jua, inavumilia kukosa maji kwa siku kadhaa, na ua la jana likinyauka, jingine hufunguka asubuhi kwenye bua lilelile. Lakini kwenye bustani nyingi za Mwanza, kuanzia Bwiru hadi Nyegezi na Buhongwa, utaikuta imedumaa: majani membamba, kijani kilichopauka, bua moja lenye maua matatu. Ua halina kosa. Udongo wa vilima vyetu umetokana na miamba ya granaiti, ule ambao Wasukuma huuita luseni, na maji huupita haraka yakiondoka na mbolea. Mtu ananunua NPK, anamwaga, majani yanachangamka wiki tatu, kisha yanarudi njano. Anaongeza tena, na hela yote inazama chini. Kwanza upe udongo kitu cha kushikilia chakula. Mbolea ya dukani ije baadaye, kidogo kidogo.

Vipimo vyote hapa ni vya tuta moja la mita 3 kwa mita 1.2, lenye kimo cha sm 30. Hilo linameza takribani meta moja ya ujazo, yaani toroli 18 za lita 60.

Hatua ya 1: Ujue udongo ulionao

Chimba sm 20, chukua udongo, ujaze theluthi ya chupa ya maji ya lita moja. Ongeza maji na sabuni ya unga kidogo, tikisa dakika mbili, iweke mahali isiguswe. Mchanga hutuama ndani ya dakika moja, tope laini huchukua saa chache, mfinyanzi hushuka kesho yake au hata kesho kutwa. Mchanga ukiwa zaidi ya robo tatu, fuata mchanganyiko wa hatua ya 4 kama ulivyo. Ukiwa na udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi, usiongeze mfinyanzi wowote.

Kuhusu uchachu, deilili inataka pH kati ya 6 na 7. Kupima maabara ni bora kuliko kukisia, na kwa watu wa Mwanza, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru kilichoko Misungwi hakiko mbali. pH ikiwa chini ya 5.5, changanya chokaa ya kilimo gramu 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, wiki tatu au nne kabla ya kupanda. Usiiweke pamoja na samadi mbichi wala urea, kwa sababu naitrojeni itageuka amonia na kupeperuka. Ile harufu kali inayochoma pua ndiyo mbolea yako inayoondoka. Majivu ya jikoni yana tabia hiyohiyo, na mtu akiyamwaga kila wiki mahali pamoja hufika siku mmea unashindwa kunyonya chuma, majani machanga yanakuwa njano huku mishipa ikibaki kijani.

Hatua ya 2: Jenga tuta

Tumia mawe. Mwanza mawe hayanunuliwi kwa shida, na mbao huliwa na mchwa kabla hujala matunda ya kazi yako. Panga bila saruji, mawe makubwa chini, yakiegemea ndani kidogo. Kwenye mteremko, tuta likate mteremko, lisifuate maji yanakoelekea.

Kabla ya kujaza, vunja sakafu kwa sururu hadi sm 20. Hii ni lazima zaidi penye itogolo, ule udongo wenye tabaka gumu la kijivu chini ya mchanga. Maji ya masika yakifika pale husimama, na tuta zuri la juu linageuka beseni. Usiweke kokoto chini kwa nia ya kupitisha maji. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto. Hungoja mpaka udongo wa juu yake ulowe kabisa, na mizizi inakaa humo. Nailoni chini ndiyo mbaya kupita zote.

Hatua ya 3: Mboji, na kuhakikisha imeiva kweli

Hapa ndipo matuta mengi yanapoharibika, na uharibifu wenyewe huonekana baada ya mwezi, mtu ameshapanda na ameshasahau alichoweka.

Kosa la kwanza ni samadi ya kuku wa nyama. Wafugaji hutandika maranda, na mbolea inayotoka bandani ni kinyesi kikali kilichochanganyika na mbao. Ukiiweka mbichi, kinyesi huunguza mizizi wiki za mwanzo. Kisha vijidudu vinavyoozesha yale maranda huchukua naitrojeni iliyomo kwenye udongo, na mmea uliopona kuungua unaanza njaa. Mtu anaona njano, anaongeza urea, na anadhani udongo wake una laana. Machujo ya mbao yana shida hiyohiyo. Maganda ya mpunga hayali naitrojeni kwa kasi hiyo kwa kuwa yanaoza polepole sana, lakini mabichi hayashiki maji wala chakula.

Kosa la pili ni kuamini samadi ya ng'ombe kwa sababu imekauka. Samadi iliyokaa juani zizini miaka miwili ni kavu, ila haijaiva: sehemu kubwa ya naitrojeni yake imeshapotea, nusu yake ni mchanga uliokwanguliwa na koleo, na mbegu za magugu zimo zote hai. Inafaa, mradi ipite kwenye rundo lenye joto kwanza.

Rundo ninalolipenda kwa watu wa ufukweni ni la gugumaji. Usiingie ziwani kulifuata: kichocho kipo, na kwenye vichaka vya magugu hujificha nyoka na mamba. Chukua lile ambalo wavuvi wamelivuta na kulirundika mwaloni, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, ukiwa na buti za mpira na glavu. Sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, kwa hiyo lianike siku mbili au tatu lisinyae, kisha likatekate kwa panga vipande vya urefu wa kidole. Lisiponyauka kwanza, rundo linakuwa uji mweusi unaonuka.

Panga hivi: nyasi kavu au mabua ya mahindi sm 10, gugumaji sm 20, samadi sm 5, kisha rudia hadi mita 1.5 kwenda juu, na upana huohuo. Rundo dogo kuliko mita moja halipati joto. Kamata kiganja cha mchanganyiko ukamue. Yakitoka matone mawili matatu ni sawa, yakichuruzika umezidisha, lisipotoka tone lolote mwagia. Choma nondo katikati na uiache humo. Siku ya nne au ya tano ichomoe ushike ile ncha: isipovumilika mkononi, joto ni zuri, linaua mbegu za magugu. Ikiwa vuguvugu tu, rundo linakosa maji au samadi.

Geuza baada ya wiki mbili, kisha kila wiki mbili, ukihakikisha kilichokuwa pembeni kinaingia katikati. Watu hugeuza mara moja wakachoka, na mbegu zilizokuwa pembeni zinakuja kuota tutani. Mvua za vuli zikianza, funika kwa turubai. Rundo lisilofunikwa Novemba hupoteza chakula chake kingi kwenye yale maji ya rangi ya chai yanayotiririka chini. Kwa kawaida mboji huiva miezi miwili hadi mitatu. Rundo la kimo hicho litakutosha matuta mawili au matatu.

Usiitumie kabla ya majaribio haya mawili, yote mawili:

Jaza mfuko wa plastiki mboji yenye unyevu, ufunge, uuache kivulini siku tatu. Ukiufungua ukakuta joto, harufu ya amonia au ya kitu kilichovunda, rudisha kwenye rundo. Mboji iliyoiva hunuka udongo baada ya mvua.

Kisha changanya mboji na mchanga nusu kwa nusu kwenye kopo, panda mbegu 10 za mchicha, na kopo jingine lenye udongo wa kawaida wa bustani panda 10 vilevile. Baada ya siku saba hadi kumi linganisha. Kopo la mboji likiota machache waziwazi, au miche ikaungua ncha, bado. Wiki moja ya kusubiri mchicha ni nafuu kuliko kung'oa deilili kumi na mbili.

Mabaki ya sangara na vumbi la dagaa ni chakula kizuri cha rundo, lakini yafukie katikati kabisa, sm 40 ndani. Yakikaa juu, kenge, mbwa na panya watalifumua usiku huohuo.

Hatua ya 4: Changanya na ujaze

Kwa tuta moja: toroli 9 za udongo wako wa kichanga, 5 za mboji iliyochekechwa, 2 za udongo wa mbuga na 2 za maganda ya mpunga yaliyochomwa kuwa mkaa.

Udongo wa mbuga lazima uwe mkavu na uliopondwa kuwa unga. Ukiwa na unyevu utabaki mabonge, mchanga utakuwa mchanga na mabonge yatakuwa matofali.

Maganda hupatikana kwa wingi nje ya mashine za kukobolea mpunga. Chukua debe lililotobolewa matundu mengi, liwashie moto ndani, lifunike kwa bomba la bati kama dohani, na uyazungushie maganda kama kichuguu. Weusi ukianza kutokeza juu ya rundo, yavute yale ambayo bado ni ya kahawia juu ya yale meusi. Yote yakiwa meusi, mwagia maji papo hapo na uyatandaze. Ukichelewa yanageuka majivu ya kijivu, na hapo umepoteza mkaa na kupata kitu cha kupandisha pH tu. Moshi ni mwingi, waambie majirani.

Fosforasi haisafiri kwenye udongo, kwa hiyo wakati wake ni sasa. Kama pH yako iko chini ya 6 na hukuweka chokaa, ongeza gramu 200 za mbolea ya Minjingu kwa tuta. Mwamba ule wa Manyara huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye uchachu. Kwenye udongo wa mbuga au uliowekwa chokaa haitakusaidia sana.

Jaza hadi juu kabisa, mwagia, uache wiki mbili. Udongo utashuka sm 4 au 5.

Hatua ya 5: Panda

Omba aina zinazobaki na majani mwaka mzima. Zile zinazohitaji baridi kali ili zilale hudhoofika huku kwetu msimu hata msimu. Miche 12 inatosha tuta hili: mistari miwili, sm 50 kati ya mche na mche. Shingo, yaani pale majani yanapokutana na mizizi, ikae sm 2 hadi 3 chini ya udongo. Ikizama zaidi haitoi maua. Mwanzo wa vuli ndio wakati mzuri. Na kama una paka nyumbani, fahamu kwamba deilili ni sumu kali kwa figo zake.

Hatua ya 6: Mbolea

Usiweke chochote cha dukani wiki sita za kwanza. Baada ya hapo, NPK 17:17:17, gramu 15 kwa mita ya mraba, mara nne kwa mwaka: vuli inapoanza, Januari, mwanzo wa masika, na Juni ukiwa na maji ya kumwagilia. Kizibo cha soda hubeba karibu gramu 5, kwa hiyo ni vizibo vitatu kwa mita ya mraba, kumi au kumi na kimoja kwa tuta zima. Vitabu vya nchi za baridi huelekeza kuweka dozi mbili kubwa. Kwenye mchanga wetu usifanye hivyo. Mvua moja nzito itachukua nusu.

Mwagilia kwanza, nyunyiza umbali wa sm 10 kutoka shingoni, fukia kidogo, mwagilia tena. Chembe zikinasa katikati ya majani huyaunguza. Urea siipendekezi kabisa kwa ua hili: ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu na joto hupeperuka, na ile inayobaki hutoa majani marefu yanayolala na mabua machache.

Kati ya dozi, maji ya samadi yanatosha: gunia lenye ndoo moja ya samadi ndani ya ndoo tano za maji, siku kumi, kisha ongeza maji mara tatu yake. Mimina kwenye udongo, si kwenye majani.

Tandaza nyasi kavu sm 5, ukiacha duara tupu la sm 8 kuzunguka kila shingo.

Hatua ya 7: Dalili

Majani ya chini njano, ya juu kijani: njaa ya naitrojeni. Ncha za kahawia: kiu, au mbolea imezidi, mwagilia sana mara moja kabla hujaamua. Majani manene bila bua: naitrojeni nyingi au jua chini ya saa sita.

Unga wa rangi ya chungwa unaobaki kidoleni ukipangusa upande wa chini wa jani ni kutu. Kata majani yote yaliyoathirika, yachome, na uache kumwagilia juu. Usiyatupe kwenye rundo la mboji.

Majani yakichomoka kwa kuvutwa kidogo, na chini kuna harufu mbaya, shingo imeoza. Chimba mmea, kata mpaka ufikie nyama nyeupe, osha, anika kivulini siku mbili, panda mahali pengine. Mara nyingi chanzo ni samadi iliyosogezwa mpaka shingoni wakati wa joto na mvua.

Kila mwaka ongeza toroli moja ya mboji juu, maana ile ya zamani huliwa haraka kwenye joto hili. Mwaka wa tatu au wa nne, maua yakianza kuwa madogo, ng'oa, gawanya kila shina libaki na machipukizi mawili au matatu, fupisha majani hadi sm 15, na kabla ya kuyarudisha uchanganye toroli mbili za mboji hadi chini kabisa.