Piga alama kwenye hozi ya oili kabla hujakaza fitingi

Kwa wanaojiundia ndege na kutengeneza wenyewe hozi za oili zenye wavu wa waya: ukishaingiza hozi kwenye soketi (kile kipande cha nje cha fitingi, yaani kiungio cha mwisho wa hozi) mpaka ikagota, chukua tepu nyembamba uzungushe pale pale hozi inapoingilia, ikabane kabisa na mdomo wa soketi. Ndo ukafunge kile kipande cha ndani cha fitingi, na oili kidogo kwenye nyuzi zake za skrubu. Sababu ni kwamba kile kipande kikiingia kinaisukuma hozi irudi nyuma pole pole na mkono hausikii kitu, fitingi inaonekana imekaza vizuri kumbe imeshika kidogo tu, hiyo ndo ya kuchomoka ukiwa hewani. Ukimaliza angalia tepu, ikisogea mbali na mdomo wa soketi hata milimita 2 fungua uanze upya, usijifariji.

Ila hozi ikiwa na oili kwa nje tepu itateleza na kukudanganya, ifute kwanza. Na alama haikuambii kama umekata mpira wa ndani wakati unafunga, kwa hiyo chungulia tundu na kurunzi halafu pima presha kama kawaida.